Namba ya Sifuna

Mary Ann alirudi Kitale Jumatano mchana, siku mbili tu baada ya kuagwa na kanisa zima, na sanduku lake lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani. Kufuli ilikuwa imekatwa. Wangui, mama yake, alikuwa uani anapepeta maharagwe ya njahi. Aliiona kamba kabla hajaiona sura ya binti yake, na ungo ukamponyoka.

"Mami, usiniulize kwanza," Mary Ann alisema. "Nipe maji."

Wangui alimpa maji, lakini huyo hakuwa mwanamke wa kungoja kuambiwa. Binti akiwa bado ana kikombe mdomoni, mama alishaivuta kamba na kulifungua sanduku. Nguo zilikuwa zimesokotwa na kurundikwa kama matambara ya gereji. Kitambaa cha ndani ya sanduku kilikuwa kimechanwa kutoka pembe hadi pembe. Sare tatu nyeupe za uuguzi, alizozipiga pasi kwa mkono wake mwenyewe, zilikuwa zimejaa unga wa uji, na ule mfuko wa kilo nne aliousagisha kwa wimbi, mtama na soya ulikuwa na matundu membamba yaliyotobolewa kwa chuma. Aliyahesabu. Yalikuwa saba.

"Nani ametoboa unga wangu?"

"Askari wa uwanja wa ndege. Walikuwa wanatafuta dawa za kulevya."

"Kwa unga wa uji?"

"Kwa unga, kwa viatu, kwa nywele." Mary Ann aliweka kikombe chini. "Kila mahali, Mami. Kila mahali."

Wangui alielewa maana ya kila mahali. Alimtazama binti yake, muuguzi wa miaka ishirini na saba ambaye hajawahi kuiba hata sukari ya jikoni, akashikwa na hasira. Alitaka jina. Hasira isiyo na jina la mtu ilikuwa ikimsumbua Wangui kuliko njaa.

Jina alilipata jioni hiyo hiyo. Mumewe, Gathii, fundi seremala aliyeacha kazi kwa sababu ya nyonga, alimketisha binti yake kwenye kochi na kumwomba aeleze polepole. Mary Ann akaeleza. Alifika kaunta, msichana wa ndege akaandika jina lake kwenye kompyuta, akatazama kioo, akamwita mtu. Wakampeleka katika chumba kisicho na dirisha. Humo walimweka kwa muda wa saa tano, wakimwonyesha picha ya mwanamume aliyekamatwa mwezi wa tatu kule kule Uarabuni alikokuwa akienda yeye, ana heroini kwenye soli za viatu. Ulimjulia wapi? Mlikutana mpakani Lwakhakha? Amekulipa ngapi?

"Nikawaambia simjui. Wakaniuliza, kama humjui mbona mnatumia simu moja?"

"Simu gani?" Gathii aliuliza.

"Baba, ukinunua tiketi wanaandika jina, simu, sanduku la posta, kila kitu. Hiyo orodha inatumwa kule unaenda kabla ndege haijaruka. Kuna askari mmoja mwanamke, anaitwa Cherono, huyo ndiye alinielezea vizuri. Alisema kompyuta ya kule inalinganisha. Ikiona simu yako ni moja na ya mhalifu, inakuandika pamoja na yeye. Haiulizi kama mnajuana."

"Na hiyo simu ni ya nani?"

"Ya Sifuna."

Sifuna Wakhungu ndiye aliyemkatia tiketi. Alikuwa ajenti wa safari mjini Bungoma, na Mary Ann, aliyefanya kazi miaka mitatu katika hospitali ya misheni huko, alimwendea kama walivyomwendea wauguzi wengine wote. Mahali pa simu ya msafiri, Sifuna alikuwa ameandika simu ya ofisi yake. Aliandika hivyo kwa Mary Ann, na kabla yake aliandika hivyo kwa yule mtu wa viatu.

"Hospitali ya huko Uarabuni wanasemaje?" Gathii aliuliza.

"Watanishikia kazi mpaka tarehe moja mwezi wa saba. Nisipofika hiyo siku, wanachukua mwingine. Cherono alisema Sifuna akiandika barua kwamba hiyo namba ni ya ofisi yake, na apige muhuri, inaweza kusaidia."

"Basi ataandika," Wangui alisema. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, anakung'uta unga kwenye sare nyeupe, na kila alipokung'uta alilitaja jina hilo kimoyomoyo.

*

Ofisi ya Sifuna ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na wateja. Wangui alifika Jumatatu saa kumi kasoro, amevaa koti lake la kanisani. Ilikuwa ile Juni ya Kombe la Dunia. Sifuna alikuwa na televisheni ndogo juu ya kabati, na mezani kwake watu wanne walikuwa wamegeuza viti kuielekea.

"Keti hapo, Mama. Wanaanza saa hii," alisema bila kumwangalia.

Wangui aliketi kwenye benchi. Alikaa dakika arobaini na tano akiwatazama wanaume wa nchi asizozijua wakikimbizana, na kila mpira ulipotoka nje alidhani sasa atasikilizwa. Phelista, karani wa ofisi, msichana mwembamba mwenye miwani, alimletea maji kwenye glasi na kumtazama kwa huruma. Wangui hakuyanywa. Hakuja Bungoma kunywa maji ya Sifuna.

Mapumziko yalipofika, Sifuna aligeuza kiti. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini, mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa shati na kicheko kilicho karibu.

"Eeh, Mama. Sasa wewe ni wa nani?"

"Mimi ni mama yake Mary Ann Wakiuru. Muuguzi. Ulimkatia tiketi, akarudishwa kwa sababu ya namba yako."

"Aaah, huyo." Sifuna, ambaye l nyingine mdomoni mwake ziligeuka r, aliwatazama wenzake. "Mama, mimi naweka namba ya ofisi kwa watu wote. Wote! Mtu anatoka Sirisia hana simu. Mwingine raini yake ya simu leo iko, kesho imezimwa. Ndege ikibadilishwa saa, nitamtafuta na filimbi?"

Wale wanne wa televisheni wakacheka.

"Basi andika hivyo hivyo kwa barua," Wangui alisema. "Piga muhuri. Mimi nitapeleka."

"Nikiandika hivyo, nimesema ule mtu wa heroini ni wangu. Si watakuja hapa? Rakini Mama, unataka nifungwe bana?"

"Nataka binti yangu aende kazi."

Sifuna alinyoosha mkono akapunguza sauti ya televisheni, kana kwamba anampa heshima, halafu akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Mama, tuambiane ukweri. Watu karibu mia mbili wamepitia kwa hii meza. Wameenda, wamefika, wanatuma pesa nyumbani. Ni msichana yako peke yake amerudishwa. Labda hiyo kompyuta imeona kitu yenye wewe kama mzazi huwezi ona."

Safari hii walicheka hadi mmoja akajipiga paja. Wangui alisimama. Alichukua mkoba wake akashuka ngazi, na hata chini alikuwa bado anasikia sauti ya televisheni ikipandishwa.

Phelista alimkimbilia hadi mlangoni mwa duka la dawa za mifugo.

"Mama, pole. Si ukweli vile amesema. Tangu Aprili wamerudishwa watatu. Mmoja ni mwalimu, mwingine ni mama wa kanisa kama wewe. Boss hataki ijulikane." Aligeuka kuangalia ngazi. "Mkikata tiketi ingine, msikatie hapa. Hiyo namba imeharibika."

"Watatu?"

"Watatu, Mama. Usiseme ni mimi."

Kwa hiyo Sifuna alijua. Alijua, akamcheka. Wangui alifungua mkoba, akatoa risiti ya tiketi yenye namba ya ofisi kichwani kwa wino mwekundu, akaisoma mara mbili hapo barabarani huku waendesha boda boda za baiskeli wakimpigia kengele ahame. Alipofika Kitale alikuwa ameikariri.

*

Huko nyumbani mambo hayakungoja. Kanisa lilikuwa limefanya harambee ya nauli, na sasa aliyechangiwa alikuwa akionekana sokoni ananunua sukuma wiki. Watu hawakuuliza moja kwa moja. Waliuliza kama Mary Ann ana malaria. Waliuliza kama siku hizi ndege zinarudi haraka hivyo.

Jumapili ya tarehe kumi na nane, baada ya ibada, akina mama walibaki ukumbini kwa chai yao ya mwezi. Kila mmoja huleta chake. Wangui, kwa miaka kumi na mmoja, alileta kibuyu cha uji wa wimbi, na kwa miaka hiyo yote kibuyu kilirudi nyumbani kitupu. Siku hiyo alikiweka mezani mahali pake pa kawaida. Chapati zikaisha, viazi vitamu vya ngwaci vikaisha, chai ikaongezwa mara mbili. Kibuyu hakuna aliyekigusa.

"Nyaruai, hunywi uji leo?" Wangui alimwuliza mwenyekiti wao, mwanamke aliyekuwa jirani yake tangu watoto wao wanatambaa.

"Nimeshiba, Mama Mary." Nyaruai alisafisha koo. "Lakini ukipata nafasi, tukae tuongee juu ya ile michango. Si mimi, ni watu. Watu wanasema ati heri ingerudishwa, kwa sababu... hatujui polisi watasema nini kesho. Jina ya kanisa, unajua."

"Polisi wameshasema. Walimwachilia. Hakuwa na kitu."

"Si ndiyo. Si ndiyo, Mama Mary." Na Nyaruai akampapasa bega jinsi mtu anavyompapasa mfiwa.

Wangui alibeba kibuyu kilichojaa akapita nacho katikati ya watu wote, kizito kuliko asubuhi. Njiani hakuwaza Nyaruai. Nyaruai alikuwa mwoga tu, na waoga aliwajua. Aliwaza kalamu tatu, na kicheko, na ule mkono uliopunguza sauti ili kila mtu asikie. Alijiambia kwamba Sifuna naye atakaa katika chumba kisicho na dirisha. Naye atavuliwa. Naye ataulizwa maswali na watu wasiomwamini, akitafuta mtu wa kumwandikia barua, amkose. Wazo hilo lilikuwa tamu kiasi kwamba alijishika akitabasamu barabarani, na mzee mmoja aliyekuwa akipita akamtabasamia pia.

Alipofika nyumbani Mary Ann alikuwa na habari njema, ya kwanza tangu arudi. Ijumaa alikuwa ameenda Eldoret kwa ajenti mwingine, akabadilishiwa tarehe ya tiketi.

"Naruka Jumatano tarehe ishirini na nane, Mami. Nimebaki na siku tatu za akiba. Na nimewaambia waweke simu ya Baba, si ya Sifuna."

"Wameweka?"

"Wameweka, nimeona akiandika."

"Kwa hivyo wewe na Sifuna mmemalizana?"

"Tumemalizana kabisa."

Wangui alimshika uso kwa mikono miwili akambusu paji. Kisha akaenda jikoni, akamwaga uji wote wa kibuyu kwenye chakula cha ng'ombe. Binti yake ameshatoka kwenye namba ile. Sasa namba ilikuwa ya Sifuna peke yake.

*

Kwenye ukuta wa posta ya Kitale kulikuwa na tangazo lililokuwa likichubuka: mwenye habari za wauza dawa za kulevya apige simu, jina lake halitatajwa. Wangui alikuwa amelipita mwaka mzima bila kulisoma. Jumatatu alilisoma neno kwa neno, akainakili namba kiganjani kwa kalamu, akavuka barabara hadi kibanda cha simu ya jamii. Alingoja hadi mwenye kibanda aende kutafuta chenji ya mteja mwingine.

Sauti ya mwanamume ilipokea. Haikuwa na haraka.

"Kuna mtu Bungoma," Wangui alisema. "Anaitwa Sifuna Wakhungu. Ana ofisi ya kukata tiketi. Anapeleka dawa nje."

"Umejuaje, mama?"

"Nimeona."

"Umeona nini?"

Hakuwa ameona chochote isipokuwa mpira wa miguu. Lakini mkononi alikuwa na kitu ambacho alijua kinafanya kazi, kwa sababu kilikuwa kimefanya kazi juu ya mtoto wake.

"Andika namba ya simu yake," alisema, akaitaja polepole, tarakimu moja moja, bila kuangalia popote. "Hiyo ndiyo anaweka kwa watu wake wakisafiri. Angalieni hiyo namba."

"Wangapi wanabeba, kati ya hao watu?"

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema mmoja, yule wa viatu. Lakini mmoja walishakuwa naye, na Sifuna alikuwa bado anatazama mpira. Wangui aliona kwamba mmoja hatoshi kumwinua Sifuna kwenye kiti chake.

"Wote," alisema.

"Wote?"

"Mtu yeyote anasafiri na hiyo namba, amebeba. Hata wanawake. Hata wale wanajifanya manesi. Wanaficha ndani ya unga wa uji."

Kalamu ikakwaruza karatasi. "Asante, mama. Unaweza kutupa jina lako?"

"Mlisema hamtaji."

Alikata simu. Mwenye kibanda aliporudi, Wangui alimlipa, akasahau chenji, akatembea hadi nyumbani na moyo mwepesi wa msichana. Usiku huo alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu ile kamba ya katani.

*

Alhamisi, Gathii alisikia kutoka kwa dereva wa lori kwamba polisi wamevamia ofisi moja ya safari Bungoma. Wangui alisema ana shangazi mgonjwa wa kumwona huko. Gathii alimtazama, kwa kuwa shangazi huyo alikuwa amezikwa mwaka uliopita.

Ng'ambo ya duka la dawa za mifugo kulikuwa na hoteli ndogo ya chai. Wangui alichagua meza ya dirishani. Alifika wakati mzuri kabisa. Gari la polisi lilikuwa limesimama na mlango wazi, na askari wawili walikuwa wakishusha kompyuta ngazini, wakiikumbatia kama mtoto mchanga. Baada yao ilishuka televisheni. Alipoiona televisheni aliagiza chai ya pili, yenye maziwa mengi.

Kisha akashuka Sifuna mwenyewe. Walikuwa wamemvua mshipi, kwa hiyo alikuwa ameshika suruali kwa mkono mmoja, na mfuko wa shati haukuwa na kalamu hata moja. Mke wake, Jentrix, alikuja mbio kutoka upande wa soko, slipa moja mguuni na nyingine mkononi, akiuliza kila mtu kwa Kibukusu wamempata na nini. Umati ukazomea. Mtu mmoja alipaza sauti, "Na vile alikuwa anajifanya mkubwa!"

Wangui alikunywa chai yake. Alitaka Sifuna amwone, na alipoona hatazami upande huo, alikohoa kwa nguvu hadi mhudumu akamuuliza kama amepaliwa. Gari likaondoka. Phelista alibaki amekaa kwenye ngazi ya mwisho, miwani mkononi, akiililia kazi yake. Wangui alimwona, na kitu kidogo kikamchoma moyoni, lakini alikimeza pamoja na chai. Alijiambia atamsaidia huyo mtoto siku nyingine.

Nyumbani alipika kuku.

Jumapili jioni Phelista alipiga simu ya Gathii akimtafuta Mary Ann, kumuaga. Alisema Sifuna ameachiliwa jana. Alikuwa na wakili, na hawakumkuta na kitu. Ameshanunua televisheni nyingine. Wangui alisaga meno, lakini si kwa nguvu. Siku mbili bila mshipi si haba.

*

Jumanne asubuhi walimsindikiza Mary Ann hadi stendi, wao watatu tu, bila kanisa. Sanduku lilikuwa jipya, la kuazima. Mary Ann alilinyanyua, akalipima kwa mkono.

"Mami, hukuniwekea unga."

"Mambo ya unga achana nayo. Uji utapata huko huko."

"Wewe? Wewe ndiye unasema hivyo?" Mary Ann alicheka. "Mama ya mtu mwingine huyu, Baba."

Wangui alicheka pia. Alipunga mkono hadi gari likapinda kona.

Jumatano ilipita bila simu, na bila simu ilimaanisha ameruka. Alhamisi saa tano asubuhi Wangui alikuwa jikoni anamkamulia Gathii limau wakati lango la mabati lilipolia. Mary Ann aliingia na sanduku la kuazima. Safari hii halikuwa na kamba. Kufuli ilikuwa nzima.

"Wamekurudisha?" Gathii alijaribu kusimama, nyonga ikamkatalia. "Si ulibadilisha namba?"

"Niliongeza, Baba. Nilidhani nimebadilisha. Tiketi ni ile ile, wamesogeza tarehe tu. Namba yako iko, lakini ya Sifuna iko juu yake. Cherono alinionyesha kwa kioo cha kompyuta. Mpya inaongezwa, ya zamani haifutwi."

"Lakini walishakupekua. Waliona huna kitu."

"Waliona. Cherono alikuwa ameandika kabisa, huyu ni msafi, aachwe apite." Mary Ann aliongea na baba yake, lakini macho alikuwa ameyaweka kwa mama yake na hakuyaondoa. "Halafu kuna mtu alipiga simu. Wiki iliyopita. Akasema kila mtu mwenye hiyo namba amebeba. Wote. Hata manesi. Sifuna wamemwachilia, ana wakili. Namba haina wakili."

Limau lilikuwa limekwisha maji, na Wangui alikuwa bado analikamua.

"Ni nani anaweza kufanya kitu kama hiyo?" Gathii aliuliza. "Ni nani anatuchukia hivi?"

"Wana sauti yake kwa kanda, Baba. Walinifungulia nisikie. Wakaniuliza kama naijua."

Nje kuku alikuwa anatangaza yai.

"Ukawaambia?" Wangui aliuliza. Sauti ilitoka ndogo sana.

"Niliwaambia siijui."

Gathii alimtazama binti, akamtazama mke, akakumbuka shangazi aliyekufa. Polepole akauweka mkono wake usoni.

"Nilisikiliza mpaka mwisho, Mami," Mary Ann alisema. Hakuwa analia, Wangui angependa alie. "Nilisikia ukitaja namba bila kukosea. Mimi mwenyewe siijui kichwani. Nilisikia mambo ya unga. Ndiyo nikajua kwa nini hukunipa."

"Nilikuwa namtafuta yeye," Wangui alisema. "Alikucheka. Alitucheka mbele ya watu. Nilijua wewe umetoka."

"Ulisema wote."

"Nilijua umetoka, Wakiuru!"

"Ulisema hata manesi." Mary Ann alifungua mkoba akatoa kikaratasi. "Hii ni simu ya Cherono. Kuna ndege kesho usiku, nimeshikiwa kiti. Alisema aliyepiga akienda kituo chochote cha polisi aandikishe kwamba alidanganya, na wao wampigie kabla ya kesho saa sita mchana, atanitolea hiyo alama kwa kompyuta. Alisema pia huyo mtu atashtakiwa. Nimekuambia yote. Mimi sitakutaja. Kama nilikataa kule, siwezi kukutaja hapa."

Aliweka kikaratasi mezani, karibu na maganda ya limau, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango bila kuubamiza. Wangui aliona ni afadhali angeubamiza.

Aliyaokota maganda ya limau moja moja. Aliwaza vile Sifuna atakavyocheka akisikia, jinsi atakavyosimulia wakati wa mapumziko ya mpira. Aliwaza Nyaruai akimpapasa bega. Aliwaza chumba kisicho na dirisha, kile alichomwandalia mwingine kwa furaha nyingi namna ile. Gathii hakumwambia nenda wala usiende. Alisema tu, "Koti lako liko nyuma ya mlango, Mama Mary."

*

Kituoni Kitale, konstebo wa zamu alikuwa kijana mpole, anakula mahindi ya kuchoma. Aliyaweka chini alipoona mama wa makamo amevaa koti la kanisani, amesimama wima mbele ya kaunta na kikaratasi mkononi.

"Karibu, mama. Shida ni gani?"

"Nataka kushtaki mtu."

"Amekufanya nini?"

"Ameharibu maisha ya binti yangu. Amemwitia polisi kwa uongo mpaka akazuiwa kupanda ndege."

"Woi. Watu ni wabaya." Konstebo alifungua kitabu kikubwa, akalamba kidole, akatafuta ukurasa. "Huyo mtu unamjua, ama ni kushuku tu?"

"Namjua sana. Nimemtafuta mwezi mzima."

"Jina?"

"Wangui wa Gathii."

Konstebo aliandika. "Ni jirani?"

"Ni wa nyumba yangu."

"Pole, mama. Hiyo ndiyo mbaya zaidi." Aliinua kalamu. "Ana namba ya simu? Tuweze kumpata."

"Hana," Wangui alisema. "Mwandike tu. Yuko hapa mbele yako."